Barabara Kuu ya Kiboko

"Njia?"

"Ipo!"

"Ipo wapi?"

"Mdomoni mwako!"

"Nani anatangulia?"

"Wewe, shangazi!"

"Na nikipotea?"

"Tumepotea wote!"

Haya. Pukuchueni mahindi huku mnasikiliza, maana nawajua nyinyi, hadithi ikinoga mikono inalala. Na wewe Kidawa, hiyo simu ilaze kifudifudi. Hadithi hii ina simu zake ndani, zinatosha.

Palikuwa na pori, linaitwa Kanyakanya. Wanyama wa pori hilo walikuwa na simu, kila mmoja na yake. Nini, Mwanvua? Chaji walipata wapi? Ukitaka hadithi ya chaji katunge yako. Walikuwa na chaji, tena imejaa. Tuendelee.

Ndani ya simu zao mlikuwa na ramani, na ramani hiyo waliichora wenyewe. Hakuja mpimaji wala bwana mkubwa na kofia yake. Swala akigundua kijia kipya, anakiweka. Kobe akikuta daraja limevunjika, anaandika limevunjika, ingawa mpaka amalize kuandika watu wameshajenga jingine. Kila mtu aliongeza chake, wakaiita Ramani ya Wote.

Sasa, kuchora mstari si kazi. Hata kuku anachora mstari. Kazi ni kusema mstari huo ni njia ya aina gani. Mstari mwekundu, mnene, ni barabara kuu, na huko ndiko simu inakowapeleka wasafiri wote. Mstari wa njano ni barabara ya mtaa, wanapita wenyeji. Vidoti ni kijia, anapita mwenye kiuno chembamba. Na mstari wa kijivu ni njia binafsi. Hapo hapiti mtu ila mwenyewe, na anayeingia, meno yanamhusu.

Na ndani ya simu alikuwemo bibie mmoja, sauti tamu, hajui jua wala mvua. Akisema pinda, wanapinda. Akisema geuka, wanageuka. Akisema endelea moja kwa moja, wanaendelea, hata kama mbele kuna shimo. Wanyama wa Kanyakanya walimwamini bibie yule kuliko macho yao wenyewe. Msicheke! Juzi hapa nani alimpeleka bibi harusi kwenye machimbo ya kokoto, akasema simu ndiyo imeniambia? Haya, kimya.

Alikuwepo Kiboko. Kiboko alikaa kwenye bwawa la Mawe Mapana. Asubuhi chubwi, yumo majini. Mchana yumo majini. Jioni yumo majini, na kidole kipo juu ya simu. Tik, tik, tik. Wenzake wanahangaika na malisho, yeye tik, tik, tik. Hapa anarekebisha, pale anafuta. Kwa kubonyeza huko akapanda cheo, akapanda tena, mpaka akawa Mhariri Mkuu wa Ramani, akapewa na kufuli. Mstari akiufunga kwa kufuli lake, asiye na cheo kama chake hawezi kuugusa. Tena njia yoyote isiyo barabara kuu aliweza kuipandisha au kuishusha apendavyo, sheria ya ramani itake isitake.

Kikaja kiangazi. Kiangazi gani kile! Mto ukakauka, visima vikakauka, matope yakapasuka. Maji matamu yakabaki Mawe Mapana peke yake. Wanyama wote wakawa wanakwenda huko kwa Njia ya Maji, barabara ya mtaa, mstari wa njano, waliyoipita mama zao na bibi zao. Walikunywa kwa zamu, wakashukuru, wakaondoka.

Kiboko akanuna. "Wananitibulia maji," akasema. "Wanakunywa, wanakunywa, bwawa ni la baba yao?"

Akachukua simu. Tik. Njano ikawa kijivu. Akaandika: *Njia Binafsi ya Kiboko*. Akafunga kufuli. Kwacha!

Asubuhi Punda Milia anakuja na simu yake mkononi. Bibie akasema, "Geuka. Njia hii ni binafsi." Punda Milia alikuwa ameshatia kwato moja kwenye tope la bwawa. Maji anayaona, yanang'aa, yako pale. Akaitoa kwato yake kwenye tope, akaipangusa, akageuka. Nyati wakaja, kundi zima. "Geuka," akasema bibie. Wakageuka. Swala wakaja. "Geuka." Wakageuka. Bibie akawapeleka wote Msitu wa Miiba, wanachomwa huku, wanachanwa kule, mpaka Kisima cha Chumvi, maji ya kunywa huku umefumba jicho moja.

Walivumilia weee, wakachoka, wakaenda kulalamika. Kiboko akatoa kichwa nje ya maji.

"Sheria ya ramani mnaijua?" akauliza.

"Tunaijua," wakasema.

"Isemeni."

"Inayokanyagwa haishuki. Isiyokanyagwa haipandi."

"Vizuri. Nani amekanyaga Njia ya Maji hivi karibuni?"

Wakatazamana. Hakuna aliyeikanyaga, maana bibie aliwageuza. Nyasi zilikuwa zimeshaota katikati ya njia.

"Basi haipandi," akasema Kiboko. "Kwaherini." Chubwi!

Wakubwa wale wote, pembe zile zote, wakarudi Msitu wa Miiba wakiwa wameinamisha vichwa.

Sasa, Nguchiro. Mnamjua nguchiro? Mdogo, mkia mrefu, macho yake hayatulii. Nguchiro alikaa kwenye kichuguu na wanawe. Kitinda mimba wake aliitwa Kinyoya, na kiangazi kile kilimkuta Kinyoya hajaacha hata kuyumba akitembea. Mama mtu maziwa yakakauka. Akawa anakwenda Kisima cha Chumvi na kibuyu chake. Anakijaza, anarudi. Miiba inakitikisa, maji yanamwagika, ndo, ndo, ndo. Anafika nyumbani na funda moja. Kinyoya analinywa funda lile, chumvi inamkaba, anatapika. Kesho yake hivyo hivyo. Ikafika siku Kinyoya hakuamka kumpokea mama yake. Alilala tu, ulimi umekauka, pua imekauka.

Nguchiro roho ilimuuma, jamani. Mama yeyote aliyepo hapa anajua nasema nini. Akatoka mbio, akapita kwenye mstari wa kijivu, liwalo na liwe. Akainama anywe, Kiboko huyo! Kwapu! Nguchiro akaruka, akabakiza manyoya ya mkia mdomoni mwa Kiboko.

Akarudi nyumbani, akakaa, akalia. Alipomaliza kulia akafungua simu. Akaangalia ramani. Akaangalia mstari wa kijivu wa Kiboko. Akaangalia ng'ambo ya bwawa, pana mstari mwekundu, mnene, umeandikwa Barabara ya Kifaru. Akaangalia tena wa kijivu. Akaangalia tena mwekundu. Akafuta machozi.

"Kumbe!" akasema. "Na yeye hajui."

Subirini niwaeleze, maana hapa ndipo penyewe. Kifaru mwenyewe hakuwahi hata kuifungua ramani ile, macho yenyewe yanampa tabu. Barabara ile ilikuwa nyekundu kwa sababu kila anayetoka mbuga hii kwenda mbuga ile anaipita. Aina ya njia inatokana na wanaoipita na wanakokwenda. Haitokani na ukubwa wa anayekaa kando. Hilo hata Kobe analijua. Lakini Kiboko, kwa kubonyeza kote kule na cheo chote kile, hilo hakulijua. Yeye alidhani wekundu ni heshima.

Nguchiro akaenda Mawe Mapana. Akasimama juu ya jiwe, nje ya mstari.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Simama hapo hapo."

"Nimesimama, mzee. Nje ya mstari, ona mwenyewe. Nimekuja kukupa pole."

"Pole ya nini?"

"Mh! Basi, mzee. Ngoja niende. Si maneno yangu mimi."

"Sema!"

"Mzee, wanakucheka."

Kiboko akatoka majini mpaka mabegani. "Nani ananicheka?"

"Wote. Wanasema fungueni ramani muone. Barabara ya Kifaru nyekundu, nene. Ya Kiboko je? Kijivu. Nikawaambia, jamani, muwe na adabu, yule ni Mhariri Mkuu. Wakasema, mkuu gani, njia yenyewe kama ya kuendea chooni?"

"Chooni!"

"Ndivyo walivyosema. Mimi nilikasirika mpaka nikapiga chafya."

Kiboko akachukua simu. Akatazama wekundu wa Kifaru. Akatazama ukijivu wake. Akapumua, fuuu, maji yakaruka.

"Kifaru asiyeoga yule?" akasema. "Huyo ndiye awe na barabara kuu?"

Tik! Akabonyeza wekundu. Simu ikalia, ting! *Haikubaliki. Barabara kuu haining'inii. Iungane na barabara kuu nyingine.*

"Ndiyo nini hii?" Kiboko akauliza.

"Ndiyo utaratibu, mzee. Barabara ya mkubwa inashikana mkono na barabara ya mkubwa mwenzake. Ya Kifaru ile pale, ng'ambo tu. Ivute ipite bwawani, ikaishike."

"Ipite kwenye maji yangu?"

"Pembeni, mzee, pale penye kina kifupi. Mstari tu huo, utalowa?"

Kiboko akafikiri. Kufikiri kwake kulichukua muda, mwacheni.

"Na wakipita?" akauliza.

"Wapite wapi, mzee?"

"Hapa."

"Mbele ya meno hayo? Hebu fungua mdomo kidogo nione." Kiboko akafungua. "Mama yangu wee! Funga, mzee, funga, miguu inaniishia nguvu. Nani atapita hapa? Labda mwenye roho mbili."

Kiboko akacheka. Hoo, hoo, hoo. Akaona raha. Akaweka kidole kwenye mstari wake, akauvuta mwenyewe, taratibu, ukapita pembeni mwa bwawa, ukavuka kina kifupi, ukaenda ukaungana na barabara ya Kifaru. Tik. Nyekundu! Nene! Akaandika: *Barabara Kuu ya Kiboko*. Simu haikulia.

"Ooo!" akasema Nguchiro. "Sasa hiyo ndiyo barabara ya mtu. Lakini mzee, nina wasiwasi mmoja. Kifaru akiona wivu akaishusha?"

"Ataiweza?" Kiboko akatoa kufuli lake kubwa kuliko yote. Kwacha!

"Umefunga vizuri, mzee?"

"Vizuri sana."

"Basi mimi naaga."

Akaondoka taratibu, hatua za adabu. Alipopinda kichaka akakimbia mpaka kwenye kichuguu, akambeba Kinyoya mgongoni.

Kulipokucha, Nyati wakaamka na safari yao ya kisimani. Wakafungua simu. Bibie akasema, "Njia fupi imepatikana. Pinda kulia." Wakapinda. Punda Milia wakafungua simu. "Njia fupi imepatikana. Pinda kulia." Wakapinda. Swala wakapinda, nyumbu wakapinda, ngiri na familia yake wakapinda. Na waliokuwa wakienda mbuga ya pili, ambao hata kiu hawakuwa nayo, nao wakapinda. Vumbi! Tifu, tifu, tifu, tifu!

Kiboko kusikia vishindo, akatoka majini. Akasimama katikati ya barabara. Akafungua mdomo wote. "AAAAH!"

Nyati wa mbele wakasimama. Bibie akasema, "Endelea moja kwa moja."

Wa nyuma walikuwa wameinamia simu zao, meno hawakuyaona, wakasukuma. Wa mbele wakasukumwa, wakasogea. Tifu, tifu, tifu. Kiboko akajaribu kumng'ata mmoja, mwingine akampita kushoto. Akageuka kushoto, watatu wakampita kulia. Akageuka kulia, ngiri akampita chini ya tumbo na watoto wake wote, mikia juu.

"Washenzi nyie! Hii ni barabara yangu!"

"Tumeona, mzee," akasema Nyati mmoja mzee, kwa heshima kabisa. "Jina lako lipo. Hongera sana. Sogea kidogo tupite, ni barabara kuu hii."

Na walipofika penye kina kifupi, maji yakawagusa magoti. Mwenye kiu na maji yamemfika magotini, mnadhani atafanya nini? Wakainama. Wakanywa. Walikunywa Nyati, walikunywa Punda Milia, walikunywa Swala, na bibie hakusema geuka.

Nyuma kabisa, baada ya kwato zote, akaja Nguchiro na Kinyoya mgongoni. Alipita katikati ya mstari mwekundu, wala hakukimbia. Akamshusha mtoto ukingoni, akatia kidole majini, akamgusisha ulimi. Tone moja. Kinyoya kimya. Tone jingine. Kimya. La tatu, ulimi ukasogea, ukalamba kidole. Halafu kichwa kikainuka, kikayumba, pua ikatumbukia majini, chwa! Akapiga chafya, akanywa, akakohoa, akanywa tena.

"Mama," akasema, "haya hayana chumvi."

Nguchiro alikuwa analia, na safari hii hakuyafuta machozi.

Kiboko naye alikuwa ameshika simu. Akafungua kufuli. Akabonyeza kijivu, kasahau kwamba sasa ni barabara kuu, na barabara kuu haisikii cheo. Ting! *Haikubaliki. Inayokanyagwa haishuki.* Akabonyeza njano. Ting! *Haikubaliki. Inayokanyagwa haishuki.* Akabonyeza hata vidoti, njia ya mwenye kiuno chembamba, yeye na kiuno kile! Ting!

Akamwona Nguchiro.

"Wewe!"

"Shikamoo, mzee."

"Ishushe hii!"

"Mimi, mzee? Mimi cheo sina. Ila dawa yake naijua. Waombe wasipite. Nyayo zikifutika, inashuka yenyewe."

Kiboko akaenda kusimama kando ya barabara. Yeye, Mhariri Mkuu, akasema kwa sauti ndogo, "Jamani, naomba msipite." Bibie akasema, "Endelea moja kwa moja." Tifu, tifu, tifu. Akasema tena, "Jamani, nawaombeni." "Endelea moja kwa moja." Tifu, tifu, tifu.

Kiboko akaona haya. Akarudi majini, chubwi, akazama mpaka puani. Ndiyo maana hadi leo mchana humwoni Kiboko. Unaona pua, macho na masikio, basi. Anatoka usiku kula majani yake, barabara ikiwa tupu. Na ukimwona anatikisa masikio, tipu, tipu, usidhani ni nzi. Ni simu yake ipo chini ya maji, inalia ting.

Haya, sasa funzo, maana mama zenu lazima watawauliza shangazi kawafundisha nini. Funzo la hadithi hii ni kwamba tuwaheshimu wakubwa. Mkubwa akitaka cheo, mpe. Akitaka kikubwa zaidi, mpe na hicho. Akifunga kufuli, muulize kwa adabu kama amefunga vizuri. Na tena watoto wazuri hawadanganyi.

"Lakini shangazi, Nguchiro si alimdanganya Kiboko?"

Kidawa, mwanangu. Alimdanganya wapi? Kidole kilichobonyeza kilikuwa cha nani?

Hadithi yangu imefika. Kama ilikuwa nzuri, ni barabara kuu, piteni wote mkaisimulie. Kama ilikuwa mbaya, ni njia yangu binafsi, na meno ninayo. Leteni hayo mahindi niyaone.